Tone Moja Likiingia

Jumapili, 2 Juni 1996

Jana Nadim alikuja bila kupiga simu. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi. Akafungua mlango kwa ufunguo wake, akaingia sebuleni, akakuta mabeseni matatu chini na sufuria ya pilau juu ya televisheni. Akasimama hapo na viatu vyake, maji ya darini yanadondoka ti, ti, ti, na mimi nimekaa kwenye kochi namenya viazi.

“Juzi tu ulisema kwenye simu hamna shida,” akasema.

“Shida iko wapi? Maji yanaingia kwenye beseni, hayaingii kwenye zulia.”

Hakucheka. Marehemu baba yake angecheka. Nadim hunijibu kwa Kiingereza siku zote, mimi namsemesha Kiswahili, na tumezoea hivyo tangu tulipofika Kanada naye ana miaka tisa. Lakini jana hata Kiingereza chake kilikuwa kizito. Akauliza, “Mama, mimi ni mgeni kwako? Kwa nini nifichwe?” Kisha akatoa lile alilokuwa nalo moyoni: niuze nyumba, nihamie kwao Richmond Hill, chumba kipo, tena na choo chake ndani. Choo changu peke yangu, kama mgeni wa hoteli!

Nikamwambia nyumba hii tuliinunua mimi na baba yake Abdulsultan, humu alifia, na mimi sina haraka ya kutoka. Tukavutana mpaka chai ikapoa. Mwisho nikampa mkono. Nitatengeneza paa kabla ya Septemba, kabla zile dhoruba zinazopanda kutoka kusini hazijafika. Baada ya hapo, tone moja likiingia ndani ya nyumba hii, juu au chini, nitafunga virago mwenyewe, wala hatanisikia nikilalamika. Marehemu baba yangu aliuza mabati Kigoma miaka arobaini, na akishakupa mkono juu ya kaunta, basi, neno limekwisha.

Nitaandika humu mambo yanavyokwenda. Naandika Kiswahili. Nadim akikisoma hukwama mstari wa tatu.

Jumanne, 4 Juni

Nimewapigia simu mafundi wa mapaa. Wote wameshikwa na kazi mpaka Oktoba. Mmoja alicheka kabisa. Ana adabu huyo?

Alhamisi, 6 Juni

Nadim amesema atanitafutia fundi yeye. Nimekataa. Akilitengeneza yeye, litakuwa paa lake, na mwenye paa ndiye mwenye neno.

Jioni nikashuka kuzungumza na Léonard. Hawa ndio wapangaji wangu wa besmenti, chumba cha chini kile kilichozama nusu ardhini: Léonard, mkewe Pulchérie, na kichanga chao Iteka. Wametoka Bujumbura kwa sababu ya vita. Kule alikuwa mwalimu wa jiografia. Hapa anafunga mikate kiwandani zamu ya usiku. Kiswahili chao ni cha Buyenzi, mtaa wa huko Bujumbura, si mbali na cha kwetu Kigoma, ziwa moja, ndiyo maana nilipowasikia mara ya kwanza dukani pale Thorncliffe Park nilitaka kulia. Ila niseme ukweli: mwanamume ni mlaini mno, na mwanamke hasemi. Ukimuuliza chochote, “Hamna tatizo, Mama.” Mtu asiyelalamika hunitia wasiwasi.

Nikamwambia Léonard, “Baba Iteka, tunaezeka paa.”

“Bon, sawa,” akasema. “Nani na nani?”

“Mimi na wewe.”

Akamtazama mkewe. Mkewe akatazama dari.

Jumamosi, 15 Juni

Jirani Mgiriki ametuazima ngazi. Zamani alifanya kazi hiyo mpaka mgongo ukamshinda. Ametuonyesha: vigae vya zamani ving'olewe vyote, itandazwe karatasi ya lami, kisha vigae vipya vianzie chini kwenda juu, kila mstari ulalie wa chini yake. Nikavishika hivyo vigae. Loh! Ni karatasi nzito tu iliyopakwa lami na kumwagiwa changarawe. Kwetu hata banda la kuku hatukuliezeka kwa karatasi. Nikauliza kama naweza kuweka bati. Mgiriki akasema mtaa mzima utanishitaki kwa kelele. Sasa mvua isiyo na kelele utajuaje kama inanyesha?

Jumamosi, 22 Juni

Léonard anaogopa kupanda juu. Hakuniambia mpaka alipofika katikati ya ngazi. Akaishika kwa mikono yote miwili, akafumba macho, akaanza kusali kwa Kirundi. Nikamwambia, “Baba Iteka, ukimaliza sala panda.” Pulchérie akamkabidhi mtoto kwangu, akafunga kanga kiunoni, akampita mumewe upande wa nje wa ngazi na kupanda mpaka juu. Akaketi kwenye paa, miguu inaning'inia. “Njoo,” akamwambia. Akapanda.

Nimeanza kumwona yule mwanamke kwa jicho jingine.

Jumapili, 23 Juni

Mvua. Turubai tulilofunikia paa limepeperuka. Mabeseni manne. Nadim kapiga simu. Nimemwambia hamna shida.

Jumatano, 3 Julai

Joto. Wameng'oa upande wa mbele wote. Léonard hurudi kazini asubuhi, hulala mpaka adhuhuri, kisha hupanda. Mimi nakaa chini kwenye kiti na Iteka mapajani, nawapigia kelele. “Msumari huo umepinda! Ng'oa!” Juu nasikia, “Ndiyo, Mama Nadim.” Halafu wanacheka. Najua wananicheka mimi.

Alhamisi, 11 Julai

Hakuna jipya. Upepo tu.

Jumamosi, 20 Julai

Leo imekuwa siku! Léonard alisema watu wa kanisa lao watakuja kusaidia. Nilidhani wanne. Wakaja gari tatu. Kwao mtu akiezeka nyumba, hakuna anayealikwa na hakuna anayebaki nyumbani. Unasikia nyundo, unakwenda. Nikauliza nani atawalipa, Pulchérie akaona haya kwa niaba yangu. “Mama, ukiwalipa hawatarudi tena.” Basi nikawapikia. Kilo na kilo za mchele, nyama, kachumbari, chai ya maziwa sufuria mbili. Wanaume juu wanaimba nyimbo za kanisani kwa sauti nne, wanawake uani wanakata vitunguu, mimi Mwismaili katikati na mwiko wangu natoa amri. Mgiriki alitoka na kiti chake, akakaa kuangalia kama sinema.

Shahnaz, rafiki yangu wa jamatkhana tunakosali, alipita kuniletea chakri, vile vitafunio vya unga vya kukaanga. Yeye anakaa ghorofa ya kumi na mbili Thorncliffe, paa lake ni sakafu ya mtu mwingine. Akaniuliza, “Daulat, hawa wote jamaa zako?”

Nikasema ndiyo. Ilinitoka tu.

Jumatatu, 29 Julai

Nadim kapiga. Hamna shida.

Jumamosi, 3 Agosti

Vigae karibu vimalizike. Leo tumefunga gata mpya, mifereji ya kukinga maji ya paa. Hapo sasa ndipo mimi ninapojua kazi. Mgiriki alitaka mabomba ya gata yapelekwe mbali, maji yamwagike huko kwenye majani. Yamwagike! Maji ya mvua! Nimekua nikiamshwa alfajiri kukinga maji ya paa kwa kila chombo kilichomo ndani, mpaka vikombe. Maji ya mvua ndiyo ya kuoshea nywele, ndiyo ya chai, ndiyo ya dengu kuiva haraka. Eti niyamwage kwenye majani, halafu nifungue bomba!

Nikanunua pipa, lile la plastiki la bluu, refu kunifika kifuani. Nikamwamuru Léonard alete mabomba yote mawili ya nyuma kwenye hilo pipa moja, tena lisimame kwenye kona ya ukuta, chini ya dirisha la jikoni, nilione nikiwa naosha vyombo. Mgiriki alitikisa kichwa. Akitikise tu.

Jumanne, 13 Agosti

Kamvua kadogo. Pipa limefika robo. Nimeosha nywele zangu na za Pulchérie, tumekaa uani na taulo kichwani kama wanawali. Akaniuliza taratibu, “Mama, na likijaa?”

“Likijaa tunachota.”

“Na likijaa tena?”

“Mama Iteka, umewahi kuona mtu analia kwa sababu ana maji mengi?”

Akasema hamna tatizo.

Jumamosi, 24 Agosti

Paa limekwisha. Léonard amepigilia kigae cha mwisho, akasimama wima juu ya nyumba yangu bila kushika kitu. Mwanamume mwingine kabisa. Nilimpigia vigelegele mpaka mbwa wa mtaa wakajibu.

Nadim amekuja kulitazama. Alizunguka nyumba, mikono mfukoni. “Limenyooka,” akasema. Kutoka kwake hiyo ni hotuba. Kisha akamuuliza Léonard habari za besmenti, kama kuna unyevu. Léonard akasema hamna tatizo.

Nimeanza kupenda neno hilo.

Alhamisi, 5 Septemba

Redio inasema kimbunga kimepiga Marekani kusini, na mabaki yake yanapanda huku. Yatafika kesho kutwa. Yaje. Mimi niko tayari.

Jumamosi, 7 Septemba

Imenyesha kutwa nzima. Naandika jioni, mkono umechoka kwa furaha.

Ilianza kabla ya chai. Mvua nene, haina pumzi, na upepo unapinda ule mti wa Mgiriki. Nikavuta kiti mpaka dirisha la jikoni, hapo naona uani na nikigeuza shingo naona dari ya sebule. Dari kavu. Saa zikaenda, dari kavu. Nikapanda juu kwenye chumba cha Abdulsultan, nikapapasa kuta kwa kiganja. Kavu. Nikamwambia, ukimsikia mtu anasema Daulat hajui paa, mkatalie.

Mchana nikakaanga maandazi, nikashuka nayo. Nikagonga. Pulchérie alichukua muda, kisha akafungua mlango kidogo tu, akajiegesha penye upenyo. Sketi imelowa mpaka magotini. Nikamuuliza mnaendeleaje huko, akasema, “Vizuri, Mama. Nilikuwa nafua.” Nyuma yake nikasikia ndoo inakokotwa. Iteka alikuwa mgongoni, ametulia, ananiangalia. “Hamna shida kabisa,” akasema Pulchérie, akapokea maandazi, akafunga mlango.

Nikarudi dirishani kwangu. Pipa lilikuwa limejaa mapema na maji yanafurika pembeni, yanameremeta, mazuri. Nilisikitika tu kwamba sikununua mapipa mawili.

Nikampigia Nadim. Nikamwambia asikilize, nikaelekeza simu kwenye dari. “Unasikia nini?”

“Sisikii kitu.”

“Ndiyo hivyo!” nikasema. Akacheka, wallahi, akacheka kama baba yake. Akasema, “Okay, Mama. Umeshinda.”

Nakwenda kusali nishukuru.

Jumapili, 8 Septemba

Asubuhi jua. Nikatoka na kikombe changu kuliangalia paa kwa nje. Pipa lilikuwa limelazwa chini kwenye majani, mabomba ya gata yameng'olewa. Nikadhani ni upepo. Ndipo nikaona magodoro.

Mawili yameegemezwa kwenye uzio, yanachuruzika. Zulia lao limetandikwa juu ya ngazi ya Mgiriki. Vitabu vya Léonard, vile vya ramani alivyovibeba kutoka Bujumbura mpaka hapa, vimefunguliwa juu ya nyasi, kurasa zimevimba. Na Pulchérie amepiga magoti anazitenganisha moja moja kwa kisu cha siagi.

Aliponiona alisimama. Hakusema hamna tatizo.

Nikashuka kwenye besmenti. Alama ya maji ukutani inanifika juu ya kifundo cha mguu. Kitanda cha mtoto kimewekwa juu ya meza. Léonard alikuwa anakamua matambara, macho mekundu. Alitoka kazini asubuhi ya jana, akakuta maji yanapita kwenye kile kidirisha chao kilicho usawa wa ardhi, nyuma ya pipa langu, na hakulala tena. Kutwa nzima wamechota kwa ndoo na kumwaga chooni, yeye na mkewe, huku mimi juu ya vichwa vyao nimekaa kwenye kiti nafurahia mvua.

“Kwa nini hukuling'oa pipa mapema?” nikamuuliza.

“Ulikuwa umekaa dirishani, Mama Nadim. Ungeona. Nilisubiri mpaka ukapanda kusali.”

“Kwani ningeona, ingekuwaje?”

Akatazama matambara yake. Pulchérie ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni. “Ulimpa Nadim mkono. Kiangazi chote umetuambia: tone moja, juu au chini. Ungehama. Nyumba ingeuzwa. Na sisi twende wapi?” Kisha akaongeza polepole, “Tena ulikuwa na furaha. Tulikusikia unaimba.”

Nilikasirika. Sitaandika kwamba niliwahurumia kwanza, maana si kweli. Nikawafokea wote wawili. “Nimewabebea maandazi mlangoni, na mnanifungia! Mtoto anakaa kwenye maji, na mimi nimekaa hapo juu kama mjinga najisifu kwenye simu! Mimi ni mgeni kwenu? Kwa nini nifichwe?”

Yalipotoka tu nikayatambua. Si maneno yangu hayo. Nadim ndiye aliyeyasema, Juni, amesimama katikati ya mabeseni, na mimi namenya viazi.

Nikakaa kwenye ngazi ya besmenti. Pulchérie akaja akakaa kando yangu. Nikamwomba radhi kwa pipa. Akasema alijua tangu siku ile ya kuosha nywele, angenibishia zaidi, ila aliona haya kumkatalia mtu aliyempa nyumba. Nikamwambia siku nyingine anikatalie. Akasema, “Bon. Basi nakukatalia kununua pipa lingine.” Tulicheka, na huku nalia.

Kisha nikapanda, nikampigia Nadim.

“Maji yameingia,” nikasema. “Jana, wakati nakwambia sikiliza dari, yalikuwa yanaingia chini. Ni pipa langu. Si Léonard, si paa, ni mimi. Nimekupa mkono, kwa hiyo njoo.”

Akauliza kitu ambacho sikukitegemea. “Nani alikulazimisha uniambie?”

“Hakuna.”

“Nakuja,” akasema.

Nilikuwa nimeshafunga sanduku alipofika. Nguo za wiki, tasbihi, picha ya Abdulsultan. Nililiweka mlangoni, nikavaa koti, nikakaa. Pulchérie alikuwa analia jikoni, hafichi. Nadim alipita bila kuniambia neno, akashuka besmenti. Nikamsikia anaongea na Léonard muda mrefu, kisha wote wawili wakapanda na zulia la chumbani limeviringishwa, linachuruzika, wakalitoa nje. Wakashuka tena. Wakapanda na meza. Wakashuka. Shati lake zuri limechafuka lote. Koti langu likaanza kunipa joto.

Mwisho alikuja akasimama mbele yangu, akipangusa mikono kwenye suruali. Akalinyanyua sanduku. Nami nikainuka, nikamfuata, nikiwaza jinsi ya kupita mbele ya Mgiriki bila kuonekana nimelia.

Hakwenda nje. Alipanda ngazi. Akaliweka sanduku kitandani kwangu, akafungua mlango wa chumba cha baba yake, akafungua na madirisha. “Hawa walale humu,” akasema, kwa Kiswahili, kibovu, lakini Kiswahili. “Chini hapajakauka.”

“Na mkono niliokupa?”

Akafikiri. Akarudi kwenye Kiingereza, maana huko ndiko mawazo yake yaliko. Alisema paa halikumsumbua hata siku moja. Kilichomkosesha usingizi ni kwamba kila akinipigia, nilikuwa sina shida. Miaka minne, tangu baba yake afe, mama yake hajawahi kuwa na shida hata moja.

Nilimpa shati la Abdulsultan abadilishe.

Jumatano, 11 Septemba

Iteka analia saa zote. Nyumba ina kelele sana. Léonard amepeleka mabomba ya gata mbali, kwenye majani.

Jumapili, 15 Septemba

Mvua ya kawaida tangu asubuhi. Nadim amepiga simu baada ya chakula, kama kila Jumapili.

“Habari, Mama? Uko salama?”

Nilifungua mdomo na lile jibu lilikuwa tayari ulimini. Nikalimeza. Nikamwambia goti langu la kulia linaniuma tangu mwezi wa tano. Ngazi za nyumba hii nazipanda nimekaa, ngazi moja moja, kwa makalio, mtu asipoona. Hata humu daftarini sikuliandika.

Nilimsikia anavuta kiti.

“Endelea, Mama,” akasema.

Nikaendelea.